Mkebe wa Maziwa ya Injini

Tulipomaliza kumzika Kogo, mama mzazi wa baba yangu, shangazi zangu waliingia jikoni kwake kugawana vibuyu. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Shamba lina wenyewe na ng'ombe wana wenyewe, lakini vibuyu vya maziwa vya nyanya huenda kwa mabinti na wajukuu wa kike, na yeye mwenyewe huwa ameshasema kipi ni cha nani. Binamu zangu walipata vile vizuri, vya shingo ndefu, vyenye mikanda ya ngozi na shanga. Mimi, Cherono, nilipewa mkebe wa chuma.

Walicheka, na mimi nikacheka nao, maana utanunaje kwenye matanga ya mtu uliyempenda? Mkebe ulikuwa umekaa kwenye rafu katikati ya vibuyu, nao una mkanda wake wa ngozi wenye shanga. Lakini ubavuni ulikuwa na kipande cha bomba kilichochomelewa, chini una kijimfereji cha shaba cha kufunga na kufungua, na kifuniko chake kilikuwa na tundu. Binamu yangu mdogo, ambaye hakuwepo miaka ya injini, aliniuliza ni ya nini hii. Kabla ya kumjibu niliufungua nikaunusa. Ilikuwa oili ya zamani, na dizeli, na unga wa mahindi uliopata joto, na chini ya hayo yote, moshi wa senetwet, ule mti ambao mkaa wake tunautia ndani ya vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Pale kaburini sikuwa nimelia. Nililia jikoni, nimeshika mkebe.

Nilizaliwa nikaikuta injini. Ilikaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu, upande wa juu wa Sosiot, mahali ambapo majani chai yanashuka hadi barabarani na ukungu hauondoki mpaka watoto wameshafika shule. Ilikuwa ya dizeli, silinda moja, na magurudumu mawili ya chuma marefu kuniliko, na ilizungusha kinu cha posho. Mama ndiye aliyeiendesha. Baba alifariki ningali nabebwa mgongoni na sura yake sikuishika, ila injini niliijua kutoka kila upande. Wenzangu mliokulia karibu na kinu mtakumbuka ule mlio unaovuka bonde zima, ukiwa huko mtoni unajua mama yako yuko kazini na yuko salama.

Na jambo moja nililijua bila shaka yoyote: injini ile ilikuwa ng'ombe. Kogo alisema hivyo kila siku ya Mungu. "Hiyo mnaona hapo ni Samo yangu na mtamba wake," angesema, akiielekezea fimbo. Samo alikuwa ng'ombe wa kijivu aliyejaza ndoo. Baba alimbembeleza Kogo mpaka akakubali, Samo na mtamba wake wakaondoka kwenda Siongiroi mnadani, na injini ikaja. Mtu mzima anasikia hapo habari za biashara. Mimi nilisikia kwamba Samo aliingia mle ndani. Sikuona ajabu. Injini ilikuwa na joto kama ng'ombe, ilikunywa maji ya pipa zima, na ilipozimwa jioni iliendelea kutoa vimilio tumboni kabla ya kutulia.

Tena ilipumua. Ubavuni kulikuwa na kijibomba kifupi kilichotoa moshi mwepesi, si ule mweusi wa ekzosi, huu ulikuwa kama mvuke wenye rangi ya bluu kidogo. Nilipenda kukiwekea kiganja. Pumzi ilinisukuma polepole, yenye uvuguvugu, na nilipotoa mkono ulikuwa unang'aa. Mama alinieleza kwamba hewa nyingine hupenya pembeni mwa pistoni ikaingia tumboni mwa injini, kwa hiyo lazima ipate pa kutokea, na ikitoka hubeba oili laini ambayo jicho haliioni. Nilimkubalia kwa kichwa. Moyoni nilijua ni Samo anapumua.

Shida ni kwamba injini ilizeeka, na ilivyozeeka ndivyo ilivyozidi kuhema. Oili ile isiyoonekana ilipanda, ikagonga mabati, ikashuka juu ya kinu na juu ya unga. Sisi tulizoea harufu. Watu wengine hawakuzoea. Siku moja aliingia Mama Kibet, jirani yetu ambaye harusi zote za upande ule yeye ndiye aliyeshika mwiko, na nyuma yake vijana wawili wamebeba gunia la unga tuliosaga sisi.

"Mama Cherono," alisema, wala hakupandisha sauti, "wageni wameniuliza kama hii ugali tumepikia gereji."

Kurudishiwa unga mbele ya watu ni kitu ambacho sikitakii mtu yeyote. Mama alisimama akifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena na tena, na haikuwa na kitu. Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake nje ya kibanda na alisikia kila neno.

"Kobot Cherono," alimwambia mama baadaye. Hivyo ndivyo wazee wetu humwita mwanamke, kwa mtoto wake. "Mimi nimenyamaza tangu kijana wangu aende. Sasa sinyamazi. Hii unga ikirudishwa tena, nampigia yule mtu wa Siongiroi. Anataka injini ya kukatia majani ya ng'ombe, na anatoa mitamba miwili. Wacha Samo arudi nyumbani."

Hapo ndipo mambo yetu yalipofikia. Kogo alikuwa na haki yake, maana ng'ombe walikuwa wake, na mama hakumbishia. Lakini bila kinu tungebaki na kipande kidogo cha majani chai na mikono ya mama. Mimi nilikuwa na hofu yangu ya pekee. Nilijiuliza huko Siongiroi watamtoaje Samo mle ndani, na kama watapasua injini kwa shoka.

Mama Kibet alikuwa mkali lakini si mbaya. Binti yake mwenyewe alikuwa anaolewa majuma machache mbele, na alikuja kumwambia mama, "Nakupea hii harusi moja. Tumezalia wodi moja wewe na mimi. Lakini ni ya mwisho." Mama alisema asante. Kisha akaingia kibandani akasimama mbele ya kile kijibomba akikitazama, muda mrefu hata mimi nikachoka.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa rahisi, na mtu yeyote angelifanya. Alifunga mpira kwenye kijibomba akaupitisha ukutani hadi nje, injini ipumulie huko. Unga ulikuwa safi kwa muda. Ila huko nje oili ilitiririka ukutani ikatandaza utelezi kwenye nyasi, na ndama wa Kogo akakutwa analamba mabati kwa raha zake. Kogo alimvuta ndama kwa kamba hadi zizini. Mpira ukatolewa.

Jibu lilitoka jikoni kwa Kogo, na Kogo hakujua kama amelitoa. Tulikuwa tunaosha vibuyu. Kuna ufito ambao ncha yake imepondwa ikawa nyuzinyuzi, unauingiza kibuyuni unasugua, kisha unautoa unaukung'uta. Kogo alikung'uta wake, matone yakaruka, lakini mama aliona kwamba mengine yamebaki yananing'inia katikati ya nyuzi.

"Hizi nyuzi zinashika maji namna gani?" aliuliza.

"Ni kukataa tu zinakataa kuachilia. Hiyo ndiyo maana unakung'uta," alisema Kogo.

Mama aliweka chini kibuyu ambacho hakijaisha kuoshwa, jambo ambalo kwa kawaida lingemletea maneno wiki nzima, akatoka. Aliingia ghalani akachukua mkebe wa zamani wa maziwa, ule wa chuma wenye mdomo mpana ambao watu wa maziwa walikuwa wameukataa kwa sababu ya kutu, akanishika mkono tukashuka Sosiot kwa Fundi Nyongesa.

Nyongesa alikuwa ametoka upande wa Kakamega akaja kwetu kuchomelea mageti, na mageti ndiyo aliyoyajua. Aliugeuza mkebe huku na huku.

"Mama Cherono, hii nikuchomelee nini sasa?"

"Bomba hapa kwa ubavu, karibu na chini. Hewa iingilie hapo, ipande, itokee kwa mdomo. Na mfereji huku chini kabisa."

"Hewa gani?"

"Ya injini. Itaacha oili hapo ndani, itoke peke yake."

"Itaacha kwa sababu umeiambia?" alisema Nyongesa, lakini alikuwa ameshavaa miwani yake.

Kazi iliyobaki tuliifanya nyumbani, mama na mimi. Alikata kipande cha bati kwa mviringo, nikakishikilia juu ya gogo naye akakitoboa kwa msumari mpaka kikawa chujio. Kikakaa ndani ya mkebe, juu kidogo ya lile bomba. Juu yake tukajaza zile waya za kusugulia sufuria, ambazo tulinunua nyingi hata mwenye duka akauliza kama tumefungua hoteli. Mama alizivuta kwanza zilegee, zisizibe njia. "Hewa itapita kona hizi zote," aliniambia, "na kila kona oili itagonga waya ishikwe. Kama ule ufito wa Kogo." Kisha tukaufunga mkebe kwenye nguzo juu ya injini, tukaunganisha mpira, na kifuniko chake mama akakitupa kwenye rafu kwa kuwa hakikuwa na kazi.

Asubuhi tuliyoijaribu kulikuwa na ukungu hadi mlangoni. Mama alizungusha hendeli, injini ikakohoa, ikashika. Tulisimama tukiangalia mdomo wa mkebe. Pumzi ilitoka pale, ila ilikuwa nyembamba na imekwisha rangi. Mama alivua kitambaa chake cheupe cha kichwani akakitandaza juu ya ile pumzi, akakishikilia hapo wakati kinu kinasaga debe zima. Alipokitoa kilikuwa na unyevu kidogo, na bado cheupe. Alikinusa. Akaninusisha. Kilinuka mafuta ya nywele ya mama, basi.

Nataka mjue jinsi nilivyojisikia, kwa sababu nimeishi na jambo hilo mpaka leo. Kitu ambacho hakionekani kilikuwa kinaingia chini na kitu kingine kisichoonekana kinatoka juu, na katikati, gizani, ndani ya mkebe wa maziwa, vilikuwa vinaachana. Na mama yangu ndiye aliyevipangia. Nilimtazama aproni yake, na mikono yake yenye majeraha ya bati, nikaona haya kumsogelea.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Jioni, injini ilipozimwa, mama aliweka bakuli chini ya kijimfereji akakifungua. Tulitarajia oili nyeusi. Yakatoka maziwa.

Yalitoka polepole, mazito, meupe yenye kuelekea rangi ya chai ya maziwa, yakajikunja bakulini kama malai. Mama aliinama akaligeuza bakuli kwenye mwanga. Mimi nilikaa chini. Tangu nipate akili nilikuwa nimeambiwa huyu ni ng'ombe, na sasa amekamuliwa mbele ya macho yangu.

"Ni maji," mama alisema, kama anayejiambia. "Pumzi ya injini ina mvuke. Huku kwetu ni baridi, mvuke unageuka maji ndani ya mkebe, na maji yamechanganywa na oili. Ndiyo imekuwa nyeupe hivi."

Nilimsikia, na nilimwonea huruma kwamba haoni. Nilikimbia hadi kwa Kogo nikamwambia Samo ametoa maziwa.

Kogo alikuja na fimbo yake. Alichovya kidole bakulini, akasugua kwa kidole gumba, akanusa. Nilingoja anicheke, kama walivyokuja kunicheka watoto wote wa shule siku zilizofuata, wakichungulia kwa ua. Hakucheka. Alitazama bakuli, akatazama mkebe kule juu, akatazama injini, na macho yake yalichelewa hapo. "Haya," alisema, akarudi nyumbani kwake. Lakini tangu siku ile ndama alipolamba mabati, Kogo alikuwa ameshampigia yule mtu wa Siongiroi, na alitarajiwa Jumamosi ileile ya harusi.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kusaga. Mama Kibet alifika mapema na akina mama wenzake na magunia yake ya mahindi, wakakaa kwenye nyasi wakizungumza. Mama aliwasha injini. Mwanzoni ilienda vizuri. Kisha mlio ukabadilika, ukawa mzito, kama mtu anayebeba kitu na hataki kusema ni kizito. Mama aligeuka, lakini alikuwa amechelewa. Kile kijiti cha kupimia oili kiliruka kutoka tumboni mwa injini kikagonga mabati, na oili ikafuata, moto na nyeusi, ikamlowesha mama kifuani, ikapaka ukuta, ikaishia hatua moja tu kutoka kwenye gunia la kwanza. Kwenye shingo ya ekseli oili nyingine ilikuwa inachuruzika.

Mama alizima. Kimya kilichoingia hapo, hata ndege wa kwenye majani chai uliwasikia. Mama aliinua macho, nami nikafuata macho yake. Mdomo wa mkebe ulikuwa umefungwa. Kile kifuniko kilichokuwa kwenye rafu kilikuwa kimerudishwa mahali pake, kimegandamizwa barabara, na juu yake kimefungwa kitambaa safi kwa uzi, kama tunavyofunga kibuyu.

Kogo alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni wewe umefunga?" mama aliuliza. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake na sijaisikia tena. Oili ilikuwa inadondoka kwenye kidevu chake. Alifikiri, na akina mama wote pale nje walifikiri, kwamba Kogo amefanya kusudi ili mitamba yake ije.

"Ni mimi," alisema Kogo. "Asubuhi, kabla hujaamka."

"Kwa nini?"

Kogo alimtazama kama ambaye ameulizwa kwa nini watu hulala. "Kobot Cherono, umekuja hapa ukiwa msichana. Ni siku gani umeona mimi nimeacha chombo ya maziwa wazi? Inzi ziingie?"

Mama alijifuta kidevu kwa kiganja. Aliketi juu ya gunia, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akawa analia, nami sikujua nimshike wapi kwa ile oili. Nakumbuka vizuri uso wa Kogo ulivyobadilika alipoona amefanya nini. Alionekana mzee ghafla.

"Haina ubaya, mama," mama alisema alipopata pumzi. "Hukujua. Hii ikifungwa hewa inakosa njia. Tumbo inafura."

"Inafura?"

"Inafura mpaka inatapika oili."

Kogo aliingia kibandani. Alichofanya hapo nadhani hakuwa amekifanya tangu baba afe. Aliweka mkono kwenye tumbo la injini, akauacha hapo, ingawa lilikuwa na moto. "Si ungesema mapema," alisema. "Ng'ombe ikifura tunatoboa." Akainyoosha fimbo, akakisukuma kifuniko kikaanguka, akakiokota akampa mama. "Toboa hii. Iwe imefunikwa, na ipumue."

Mama alitafuta patasi na nyundo, akatoboa tundu linalopita kidole gumba, Kogo akiwa amemshikia kifuniko kwa mikono yake miwili. Wakajaza waya kidogo kwenye tundu, inzi wasipite. Wakafuta, wakaongeza oili, wakarudisha kijiti. Mama Kibet, bila kuulizwa, alivuta magunia yake mbali na ukuta, akaketi tena. Hendeli ikazungushwa. Injini ilikohoa muda mrefu kuliko siku nyingine zote, na mimi nilikuwa nimeshika sketi ya Kogo kwa nguvu. Ikashika. Ile oili ya kwenye ekseli ilichuruzika kidogo, ikapungua, ikaacha.

Unga ulipoanza kutoka, Mama Kibet aliuchota kiganjani ukiwa na joto, akanusa, akaweka kidogo ulimini. Tulimngoja.

"Hii ni unga," alisema.

Jumamosi tulikula ugali wa harusi, Kogo akaomba aongezwe, ingawa meno hakuwa nayo ya kutosha. Tuliporudi alasiri, mtu wa Siongiroi alikuwa getini na mitamba yake miwili, mizuri kweli, mmoja wa kijivu. Kogo alimsogelea yule wa kijivu, akampapasa shingo, akakaa naye. Mama alisimama nyuma, na mimi nilijua kwamba kila kitu kiko kwenye mkono ule.

"Umetembea mbali, pole," Kogo alimwambia yule mtu. "Kuja unywe chai. Lakini yangu siuzi. Imeanza kukamuliwa."

Kinu kilinisomesha nikafika hadi sekondari, ambako mwalimu alituonyesha maji na mafuta yakitikiswa kwenye chupa yakawa meupe. Wenzangu waliandika. Mimi niliinamisha kichwa, nikahisi kama nimepokea habari za msiba wa Samo, halafu polepole mshangao ulinirudia, mkubwa kuliko ule wa utotoni, kwa sababu sasa nilielewa mama alikuwa amefanya nini kwa msumari na waya za sufuria. Stima ilipofika kwetu mama alinunua mota, na injini ikauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Kogo alikataa kutoka nje siku hiyo. Aliomba mkebe tu. Sikujua kwamba aliushonea mkanda wa shanga, wala kwamba aliusafisha akautia mkaa wa senetwet kama chombo chake kingine chochote.

Haya yote nilimweleza binamu yangu pale jikoni, kwa ufupi na kwa kukatizwa, maana shangazi walikuwa bado wanagawana. Alinisikiliza, akaushika mkebe, akachungulia ndani.

"Kwa hivyo ni ya maziwa," alisema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nipe hicho kifuniko, usiache wazi."

Akanipa, nikafunika.